Breki za Mama Mkwe

Mkwe wangu,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Jeki nimeirudisha stoo. Diski na pedi kuukuu za breki ulizozitoa nimezitia kwenye gunia, mtoto asije akajikata.

Asubuhi ulikuwa unanawa grisi, ukapaza sauti kwamba breki bado, nisiliguse gari. Nilisikia. Nikajitia kiziwi kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Nilipolirudisha nyuma pedali ya breki ikazama hadi chini, gari likagonga pipa la maji, nami nikakufokea majirani wakisikia kwamba wewe si fundi, ni mharibifu. Uliingia garini ukaikanyaga breki tena na tena mpaka ikawa ngumu, kumbe ndiyo kazi iliyokuwa imebaki, ukalizungusha uani nikiona, ukanipa funguo kwa mikono miwili, ukaenda kazini bila hata chai.

Afadhali ungenirudishia neno, baba. Huo ukimya wako ndio unaonichoma. Na pipa nitalinunua mimi, usijisumbue.

~~Mimi leo napanda basi, gari nimeliacha hapo hapo.~~

Hapana. Funguo usizitafute, nimeondoka na gari. Mwanao nitampitia mimi shuleni, nirudi naye kwa breki zako.

Mama mkwe wako, mwenye mdomo