Robo Mzunguko

Kimara Temboni,
Dar es Salaam.
Jumapili, 7 Septemba 2025.

Mpendwa Mjomba Mwinjuma,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Lindi kwa binti yako Munira, na goti limepunguza kukusumbua. Chakula je? Munira tangu utoto chumvi anamwaga tu, usione haya kumwambia. Sie huku wazima, alhamdulillahi. Mke wangu Tabu anakuamkia. Watoto kila wakipita kwenye chumba chako cha uani wanauliza babu anarudi lini, na mie najifanya sijasikia.

Utashangaa mtu mzima kuandika barua kwa kalamu zama hizi. Nimepiga simu mara sita, Mjomba. Kila mara anapokea Munira, ananiambia, "Baba anasema hasikii vizuri, ongea na mie." Basi nikaona niandike. Masikio yako nimeyasingizia, lakini macho sijayafikia bado.

Munira kanisimulia pia habari ya jirani aliyeleta pampu ya maji inayozimazima. Eti hata kwenye mkeka hukunyanyuka, ukasema wampelekee fundi mwenye masikio. Na lile sanduku lako la spana liko mvunguni tangu ulipofika, halijafunguliwa. Wewe, uliyekuwa ukisikia jenereta ya mtaa wa pili ukasema vali imechoka! Siku ile chakula kilinishinda. Ndiyo maana nimekaa kuandika, na naomba usiichane kabla hujafika mwisho.

Turudi siku ya pili ya Idi, pale uwanjani Goba tunaporushia ndege ndogo za rimoti. Uliirekebisha injini ya ndege yangu, Kipanga, kama siku zote. Ulikaza taratibu skrubu ya kabureta, ile inayobana mafuta, mpaka injini ikalia kwa juu kabisa, halafu ukailegeza kidogo iwe nzito. Ukaweka nukta ya rangi ya kucha ya Tabu, nusu kwenye skrubu, nusu kwenye kabureta, ili mtu akiigusa ijulikane. Kisha ukaenda kuswali adhuhuri.

Huku nyuma watu wakajaa. Jirani yetu Gaspar akarusha ile ndege yake ya betri, inapinduka juu chini, watoto wanashangilia. Mie nimesimama na Kipanga langu la petroli linalonguruma kizee. Nikaona haya. Nikachomoa bisibisi, nikaikaza skrubu robo mzunguko. Robo tu, Mjomba! Injini ikatoa sauti tamu, kali, na mie nikajiona fundi kweli kweli.

Uliporudi nikairusha. Haikumaliza mzunguko wa pili, injini ikakatika, Kipanga likaenda kuangukia kwenye mihogo ya watu na bawa likavunjika. Nilikimbia nikafika wa kwanza. Nukta yako nyekundu ilikuwa imeachana, nusu huku, nusu kule. Nikaikwangua yote kwa ukucha kabla hujafika.

Ukachuchumaa, ukatazama, ukaniuliza neno moja: "Uliigusa?"

Nikasema, "Wallahi sijaigusa." Na kama vile hilo halikutosha, nikawageukia watu nikasema masikio ya mzee yamechoka, siku hizi injini haisikii. Watu wakacheka. Wewe ukafuta mikono, ukakunja kitambaa, ukakitia mfukoni. Wiki haikuisha ukapanda basi la Lindi.

Loo, nilivyo mtu wa ajabu! Ulipoondoka, badala ya kukufuata, nikaagiza sensa, kifaa kidogo cha kuhesabu injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, cha kufunga ndani ya ndege yenyewe. Nia yangu haikuwa safi. Ule uongo nilikuwa nimeurudia mpaka nikaanza kuuamini mwenyewe, nikataka na mashine inishuhudilie.

Bawa nililiunga kwa gundi, lakini kuifunga sensa kulinitoa jasho. Kuna kisumaku kidogo kuliko punje ya hindi, unakigandisha kwenye kitako cha propela. Kila kikipita mbele ya sensa inahesabu moja, na namba unaiona kwenye rimoti mkononi hata ndege ikiwa juu. Mara ya kwanza niligandisha bila kupiga msasa. Injini kuwaka tu, kisumaku kikafyatuka kikagonga bati la choo, na Tabu alikuwa humo ndani! Maneno aliyonipa siwezi kuyaandika kwa mjomba wangu. Mara ya pili nikapitisha waya wa sensa bega kwa bega na waya wa plagi. Injini inanguruma polepole, rimoti inaniambia mizunguko elfu arobaini. Nikatenganisha nyaya, nikakata mfuniko wa sufuria kuukuu nikatengeneza kishikizo, kati ya sumaku na sensa nikaacha nafasi ya unene wa kadi ya benki. Hapo ikatulia.

Jumamosi ya kwanza nilirusha na skrubu ilivyokuwa, yaani nilivyoikaza mie. Pale chini, elfu saba na mia nne. Safari hii nililipeleka juu sana, nikijua naweza kulishusha hata likizimika. Hewani ikapanda hadi elfu nane. Nikamwambia Gaspar, unaona? Sijafunga mdomo namba zikaanza kushuka: elfu saba, elfu sita, kimya. Nikalishusha kwenye majani bila injini.

Nikalegeza robo ile ile niliyoikaza. Chini ikasoma elfu saba na mia moja tu, ile sauti nzito niliyoionea haya. Hewani ikapanda yenyewe hadi elfu saba mia nane, ikakaa hapo mpaka petroli ikakaribia kwisha. Nimeirusha hivyo mara tisa sasa. Haijakohoa hata mara moja.

Kumbe ulikuwa unaiwekea akiba ya huko juu, ambako propela inakuwa nyepesi na injini inataka mafuta zaidi. Miaka yote hiyo nilidhani huisikii inapofika kileleni. Unaisikia, halafu unairudisha makusudi. Na hujawahi hata kujisifu.

Gaspar akasema, "Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi." Ningeweza kuitikia tu tukaenda zetu nyumbani. Sikufanya hivyo, Mjomba. Jumamosi iliyofuata nikasimama pale pale, mbele ya wale wale waliocheka, nikawaeleza habari ya bisibisi na ya ukucha. Hakuna aliyecheka. Mzee Alfonsi, mwenye ile mihogo, aliniambia nimekufanyia unyama.

Kafara ya kiapo nimeitoa kama maalimu alivyonielekeza. Hiyo ni ya Mungu. Ya kwako bado sijaitoa. Nisamehe, Mjomba. Umenilea tangu Mama alipofariki, umenifundisha kushika spana, nami nikakuaibisha kwa ajili ya makofi.

Najua wewe, maneno matupu hayakutoshi. Basi ndani ya bahasha kuna memori kadi, Munira aitie kwenye simu yake. Ina sauti mbili za Kipanga likiwa chini, nimerekodi nikiwa nimesimama pale unaposimamaga, nyuma ya bawa la kushoto. Moja ni injini ulivyoiweka wewe, nyingine ni nilivyoikaza mie. Hazijaandikwa ipi ni ipi. Gaspar kazisikiliza akashindwa. Tabu kashindwa. Mie mwenyewe niliyezirekodi nachanganya, mpaka nichungulie karatasi ya majibu niliyoifungia kabatini. Sikiliza, kisha mwambie Munira anitumie namba moja tu, 1 au 2. Ukipatia, nenda katoe lile sanduku mvunguni, maana pampu ya jirani inakungoja.

Nisalimie Munira na mumewe Suhaib, na wajukuu wote. Hapa Farida, mwanangu wa mwisho, kaniambia niandike kwamba chumba chako anakifagia yeye kila Ijumaa. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuzidishie umri, na akulainishie moyo juu yangu, hata ikichukua muda.

Na lile swali lako la siku ile ya Idi, nimechelewa kulijibu miezi mitatu. Jibu ni hili hapa chini, juu ya jina langu.

Mpwa wako akupendaye,
niliyeigusa,
Khalfani