Vitambaa vya Mama Zaituni

Kamina, Jumanne

Mama Zaituni hakunigombeza, na hiyo njo inaniuma zaidi.

Aliniomba programu ndogo, rahisi, ya depo yake, ambamo wamama wauzaji huweka magunia yao ya samaki wakavu wa Bukama. Nami kwa kujionyesha nikaandika kubwa, ya kupatia kila gunia namba. Vitambaa vya rangi, ambavyo kila mama alifungia gunia lake ili alitambue, nilivikata vyote.

Leo wamama wamekuja mbio kuchukua mali yao kabla vita havijafika. Mafuta ya jenereta hakuna, ordinatere ya depo, kompyuta yenye namba zote, imezimika, na hakuna anayekumbuka namba yake. Waligombania magunia mpaka wengine wakaondoka mikono mitupu.

«Miye nilikuombaka kitu kidogo tu, mwalimu,» Mama Zaituni aliniambia polepole.

Vitambaa vyao bado ninavyo hapa nyumbani. Ninavitumia kupangusia vumbi la ordinatere yangu.