Vigingi Vyeupe Bondeni

Jumatatu, 6 Juni 1994

Baridi. Majani yote bondeni yameshika barafu nyembamba. Viatu vililowa kabla sijafika kwenye kichuguu changu cha kuchungulia ndege.

Korongo dume alikuwa kwenye kiota. Nadhani ndiye dume, ni mkubwa kidogo. Mwenzake alikuwa anachimba mizizi upande wa mashariki. Jua lilipopanda wakabadilishana. Anayekuja kupokea zamu hupiga hatua polepole, kichwa chini, kama mtu aliyechelewa misa. Wa kwanza alipoinuka nikaliona yai. Moja tu. Kitabu kinasema huwa moja au mawili.

Darubini ya mwalimu ina ufa kwenye kioo cha kushoto. Natumia jicho la kulia.

Nimechomeka vigingi vya mwisho. Mistari miwili imekamilika, imenyooka kutoka ukingoni hadi karibu na maji. Ncha zake nimezipaka chokaa ili nizione kwa mbali. Mwalimu wa Baiolojia alisema bila mistari hatuwezi kujua ndege amekula wapi, tunabaki kukisia. Sipendi kukisia.

Nyumbani wanajua natafuta kuni. Naona haya kusema kwamba kazi yangu ya likizo ni kuchunguza ndege.

Jumatano, 8 Juni

Maji yameshuka tena. Kiota ni lundo la majani tu katikati ya kinamasi, maji yanakizunguka pande zote.

Kifaranga akianguliwa, wazazi humwongoza kwa miguu kwenye majani marefu na hawarudi tena kiotani. Nataka kuwaona wakiondoka watatu. Sina kitu kingine ninachokitaka likizo hii.

Ijumaa, 10 Juni

Lori la mahindi lilikuja kutoka Sumbawanga. Siku hizi ushirika hauonekani, anunue anayetaka. Wanaume walikaa karibu na lori kupiga soga huku vijana wakipakia. Mimi nilikuwa nashika midomo ya magunia baba akishona.

Utingo alisema huko alikopita wawekezaji wanapimiwa mabonde. Baba Festo, jirani yetu, akauliza wanapimaje.

"Kwa vigingi, mzee wangu. Ukiona vigingi vyeupe kwenye bonde lako, ujue lina mwenyewe mjini."

Watu wakacheka. Mimi mkono uliteleza, sindano ya baba ikanichoma kidole.

Jumapili, 12 Juni

Nje ya kanisa habari ilikuwa moja. Baba Festo alikuwa anatafuta ndama wake bondeni, akaona vigingi. Vyeupe. Vimenyooka.

Wengine walisema ni mwekezaji. Wengine walisema ni Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake mwaka juzi, amehonga ili apewe bonde zima. Mzee Masanja alikuwa anapita na mkokoteni wake. Wakamwita. Akasema, "Mimi nina ng'ombe, sina vigingi."

Baba Festo akamjibu, "Ng'ombe wako ndio vigingi vyenyewe. Wanasimama popote na hawang'oki."

Kicheko kikubwa. Mzee Masanja naye alijaribu kucheka.

Nilikuwa nimesimama na kina mama, hatua chache tu kutoka pale. Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga, nikamfuata mama nyumbani. Najichukia.

Jumatatu, 13 Juni

Nimeving'oa vyote alfajiri. Nikavifunga ndani ya mzigo wa kuni. Mama amevipikia maharage.

Nadhani yameisha. Korongo wapo. Wanabadilishana kama kawaida.

Jumanne, 14 Juni

Hayajaisha. Sasa wanasema wapimaji walirudi wakachukua vigingi vyao kwa sababu kazi imekamilika. Hakuna anayebisha. Kabla sijaving'oa ulikuwa uvumi. Nilipoving'oa ukawa kweli.

Mkutano wa kijiji keshokutwa.

Alhamisi, 16 Juni

Nilisema.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Nilijifunza maneno yangu njia nzima na nilipoinuka yote yalitoka kichwani. Nikasema tu, "Vile vigingi ni vyangu."

Mwenyekiti akauliza mimi ni binti wa nani. Baba akanyoosha mkono bila kuinua kichwa.

Mwenyekiti: "Ulikuwa unapima nini, binti yangu?"

Nikasema korongo. Nikaeleza mistari, yai, kazi ya likizo. Nilisema haraka mno na sauti ilikuwa ndogo, watu wa nyuma wakawa wanaulizana kasema nini.

"Anapima ndege," mtu akawajibu.

Walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Mama mmoja akauliza kama ndege huyo ana kiwanja. Hapo Baba Festo akainuka, yeye hakucheka. Akasema, "Mtoto hana kosa. Mwulizeni aliyemtuma." Nikasema mwalimu. Akauliza mwalimu ametumwa na nani. Nikasema hajatumwa. Akawageukia watu, akasema, "Mmesikia. Siku hizi wanawatumia watoto wa shule ili tusishtuke."

Baada ya hapo sikusikilizwa tena. Nilikwenda kuuzima moto na nimeuchochea.

Wameamua kila familia ilime kipande chake bondeni mpaka kwenye maji, kuanzia Jumamosi, bila kungoja mvua. Hapa kwetu mtu akishapandisha matuta hakuna anayemwuliza ardhi ni ya nani. Nyasi zikibaki nyasi, zinachukulika.

Kiota kiko kwenye kipande chetu.

Ijumaa, 17 Juni

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia mimi kwanza." Kisha akaenda kunoa majembe.

Mchana nikamfuata bandani. Nikamwomba aache pale penye kiota hadi mwisho. Nikamweleza kwamba kifaranga akishatoka wataondoka wenyewe, lakini yai haliwezi kutembea. Akajaribu makali ya jembe kwa kidole gumba. Akasema ataanzia juu.

Baba yangu ni mtu mwema. Naandika hivi nisije nikasahau.

Jumamosi, 18 Juni

Bonde limejaa watu. Nilikuwa silijui likiwa na kelele. Kwaya ya kigango wanalima pamoja kipande cha katekista na wanaimba.

Sisi tunalima ntumba, matuta yetu ya duara. Unakata majani, unayalaza kwenye mviringo, unapindua udongo juu yake pamoja na mizizi. Majani yanaozea ndani, yanakuwa mbolea. Hatuchomi. Zamani nilikuwa najivunia jambo hilo darasani, kwamba Wafipa hatuchomi.

Mikono ina malengelenge. Korongo jike analalia yai, shingo ameilaza chini kabisa. Kwa mbali unaweza kudhani ni jiwe. Dume anatembea huku na huku. Hali kitu.

Jumatatu, 20 Juni

Jana hakukuwa na kazi, Jumapili. Niliwaangalia kutwa nzima. Walikuwa watulivu. Nikaanza kutumaini.

Leo Baba Festo na vijana wake wanatushinda mbio. Ni wengi, na wameanzia majini kupanda juu. Mpaka kati yetu na wao ni mfereji mdogo, wameshauvuka. Baba alikwenda kuzungumza naye. Nilisikia Baba Festo akisema, "Ndugu yangu, mimi naona nyasi. Sioni shamba la mtu."

Baba alirudi, akaacha tulipokuwa, akahamia chini. Hakuniangalia. Najua ni kwa nini. Tukiacha pengo, tutalipoteza, na pengo lenyewe ndilo kiota.

Yai bado. Angulika. Angulika, tafadhali.

Jumanne, 21 Juni

Vijana wa Baba Festo waliingia majini kukata matete. Korongo wote wawili waliinuka. Walisimama mbali, mabawa nusu wazi, wanalia. Sijawahi kuwasikia wakilia hivyo.

Niliacha jembe nikaingia majini na viatu. Nikasimama kati ya vijana na kiota. Nikasema, "Acheni kidogo tu. Naombeni."

Festo, mwanawe, akasema, "Dada, umeajiriwa kulinda bata?"

"Si bata."

"Basi poa, wakikulipa mshahara usitusahau washikaji."

Wakacheka, lakini waliondoka. Festo si mbaya. Tulisoma pamoja shule ya msingi. Nilibaki majini hadi miguu ikawa haina hisia, kisha nikarudi kwenye kichuguu nikangoja. Jua lilikuwa linazama na korongo walikuwa bado wamesimama kulekule. Mama alikuja kunichukua mwenyewe.

Jumatano, 22 Juni

Usiku kulikuwa na barafu.

Asubuhi kiota kilikuwa kitupu, hakuna aliyelala juu yake. Nikaenda. Mara ya kwanza kukikaribia. Ni kikubwa kuliko nilivyodhani, mtu anaweza kukaa. Yai lina madoa ya kahawia, lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Lina ufa mdogo upande mpana. Nikaliweka sikioni. Ndani kulikuwa na kitu kinakwaruza. Polepole, kama ukucha kwenye kibuyu.

Nililiweka tumboni chini ya sweta. Nikatembea, sikukimbia, niliogopa kujikwaa.

Mama akachukua chungu, akaweka majivu ya moto chini, kanga juu yake, yai juu ya kanga. Baadaye akamjaribu kuku anayeatamia. Kuku akalikataa, akalisukuma kwa kifua. Mama akamwambia kuku, "Na wewe ni mama gani?" Tukalirudisha kwenye chungu. Mdogo wangu Deo akauliza kama linaliwa. Mama akampiga kofi dogo.

Lilikuwa bado linakwaruza tulipokula mchana. Nilikuwa nalishika sikioni kila baada ya muda. Kisha mama akanipa maharage nichambue, nadhani ili mikono yangu ipate kazi. Nilipolishika tena lilikuwa kimya.

Sijui hasa lilinyamaza lini. Nilikuwa nachambua maharage.

Mama hakusema ni ndege tu. Nashukuru.

Alhamisi, 23 Juni

Tumelima pale. Baba alipindua kiota chenyewe. Alisema majani yake yanafaa, yameshaoza nusu. Hakusema kwa ubaya, ni mkulima, aliona majani.

Nilikuwa nimebeba yai kwenye mfuko wa shule. Nikaliweka katikati ya majani kabla hajafunika. Aliniona. Alisimama na jembe juu kidogo, kisha akalishusha, akafunika kwa mikono.

Ukiangalia sasa hutajua ni tuta lipi.

Jumamosi, 25 Juni

Mzee Masanja anahama. Njia ya ng'ombe kwenda majini imefungwa na matuta, na hakuna anayekubali kuifungua. Wanateremka bonde la Rukwa, upande wa Ilemba, ana ndugu huko. Walipita hapa kwetu asubuhi, ng'ombe mbele, mkokoteni nyuma, binti zake juu ya mkokoteni na kuku ndani ya tenga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimesikia ulinisemea mkutanoni."

Nikamwambia haikusaidia. Akasema amesikia hilo pia. Akacheka kidogo, sasa kicheko chake mwenyewe, akawafuata ng'ombe wake.

Mwekezaji hajaja. Hakuna mwekezaji. Wanasema ameona matuta akaogopa. Baba Festo anapongezwa.

Jumatatu, 27 Juni

Keshokutwa narudi shuleni. Sijui nitaandika nini kwenye kazi ya likizo. Nitaandika yote, nadhani. Mwalimu atasema si kisayansi.

Leo tulikuwa tunamalizia safu ya chini, baba, mama, Deo na mimi. Ukungu ulipoinuka korongo walikuwa pale. Wawili. Walikuwa wanatembea katikati ya matuta, kila tuta wanalizunguka, wanaangalia juu yake, wanakwenda la pili. Hawakuwa na haraka. Tuta lenye yai walilipita kama mengine.

Baba alikuwa ameinua jembe. Akalishusha. Akakaa juu ya udongo, na mama akakaa, na mimi nikamshika Deo mkono akakaa. Baba akauliza kwa sauti ya chini, "Wanataga lini tena?"

Nikasema mwakani, kama kuna maji na majani. Akaitikia kwa kichwa.

Kutoka ng'ambo Baba Festo akapiga kelele, "Vipi huko jirani, mmechoka mapema?"

"Tunapumzika kidogo," baba akajibu.

Tulikaa. Korongo wakafika mwisho wa matuta, kwenye maji machache yaliyobaki. Wakanywa. Kisha wakakimbia hatua kadhaa, mmoja nyuma ya mwingine, wakapanda, miguu imenyooka nyuma. Walielekea kusini. Deo alitaka kujua wanakwenda wapi, nikamwambia sijui.

Baba alikaa kidogo zaidi. Halafu akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akanionyesha mahali pa kuanzia tuta langu.