Telefone Iliyonipigia Toka Mufukoni

Papa Chance,

Naenda Munigi kuangalia kama volkano iliachia mama nyumba. Mboga ya sombe iko ku sufuria, ufunike, paka asiguse. ~~Nitalala huko.~~ Nitarudi mangaribi.

Asubuhi, ulipoenda kujichotea maji ya kuoga, telefone yako ilijibonyeza mufukoni ikanipigia. Nilisikia yote: "Léonie, leta bidon ya maji, nikubebee mpaka kwako." Léonie, jirani yetu, naye anacheka! Mimi, tangu moto wa mulima ukate mabomba ya maji, unaniambia mugongo unakuuma, maji ya nyumba najibebea peke yangu.

Basi wakati unaoga nimeifunga telefone na kode, isijibonyeze tena. Kode ni tarehe ya ndoa yetu. Kama umeisahau, muulize Léonie.

Mama Chance