Mshumaa Haujibiwi

Maskati, Ijumaa, 14 Novemba 2025

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, ila mikono inanuka samaki tangu asubuhi, maana Bi Nasriya kapata wageni na jodari aliletwa mzimamzima. Wewe je, kikohozi kimekuacha? Miwani umetengeneza, au bado unanisoma kwa jicho moja? Herufi nimezikuza makusudi, ili zisomeke picha ya barua ikifika kwenye simu yako. Ningepiga simu, lakini masikio yako uliyaacha kwenye lori miaka ile ya udereva, na mimi nimechoka kupiga kelele mpaka majirani wa hapa Matrah wanajua habari zote za Busia.

Sasa cheka kidogo. Juzi Bi Nasriya kaniuliza kama nitataka ruhusa siku ya Krismasi, na kanisa langu ni lipi. Nikamwambia ni la Waunitariani, kwetu Mungu ni mmoja tu, na Yesu tunamfuata kama mwalimu. Akaweka kikombe chini. "Mmoja? Hamsemi watatu?" Nikasema hatusemi. "Basi mwanangu, umebakisha hatua mbili tu kuja kwetu, na ya kwanza ni udhu!" Alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Halafu akataka kujua tunafanya nini humo ndani. Nikamweleza kuhusu Furaha na Huzuni: mtu anakwenda mbele, anawasha mshumaa, anasema furaha yake au huzuni yake, anarudi kukaa, na hakuna anayemjibu. Akauliza, "Hata pole?" Nikasema hata pole, hata ushauri, tunakaa kimya mpaka anayefuata asimame. "Mimi nisingeweza," akasema, na mimi ninamwamini kabisa.

Baba, nina ombi. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi tunawawashia mishumaa waliokufa mwaka huu, na anayewasha ni mtu wa nyumba yao. Mama ana wewe na mimi tu, na mkataba wangu unaisha Juni. Kwa hiyo ni wewe. Sikumzika mama yangu, na hilo linaniuma kila siku. Kinachonishikilia ni barua yako ya Machi, kwamba kanisa zima lilikuja, kikombe chetu cha ibada chenye moto kikawashwa kando ya kaburi, kila mtu akaweka ua, na Muzamiru akasoma. Ninaijua barua ile kwa moyo. Ukiwasha mshumaa, soma maneno haya, usiongeze wala usipunguze:

"Mshumaa huu ni wa Mama. Alizikwa na watu wa kanisa lake, kwa maneno aliyoyaamini, na hakuna aliyemsemea neno ambalo yeye hakulisema."

Wasalimie wote kanisani. Mwambie Muzamiru viatu alivyonishonea bado vinatembea Maskati.

Mwanao mpenzi,
Nalule


Busia, Jumapili, 23 Novemba 2025

Mwanangu Nalule, marahaba.

Namshukuru Mungu ninaamka na ninalala. Kikohozi huja na kuondoka bila kubisha hodi. Miwani nimeifunga kwa uzi, inatosha. Msalimie sana huyo mama wa udhu, na umshukuru kwa kukutunza.

Huku mvua ni nyingi na malori yamepanga foleni mpakani mpaka kwenye mlango wa kinyozi. Kanisani wote wazima. Muzamiru bado anashona viatu na bado anashika ufunguo. Watoto wanajifunza nyimbo za Krismasi. Paa limeacha kuvuja.

Kuhusu ule mshumaa, nimefikiri. Sauti yangu na hiki kikohozi hazielewani. Afadhali Muzamiru awashe, yeye anasoma vizuri. Au tungoje mpaka urudi Juni, tuwashe pamoja. Mama yako hakuwa mtu wa haraka.

Kula vizuri. Usibebe mitungi ya gesi peke yako.

Ni mimi,
Baba yako


Maskati, Ijumaa, 5 Desemba 2025

Baba, shikamoo tena.

Mimi mzima, na hapa baridi imeingia, baridi ya kwao, yaani mtu analala bila kuwasha AC na anajiona shujaa. Natumaini kikohozi nacho kimeenda likizo.

Mama hakuwa mtu wa haraka? Mama aliyekuwa akipakua maharage kabla hayajaiva? Baba, hiyo sikuielewa. Na Muzamiru ninampenda, lakini si mtu wa nyumba yetu. Waliokufa mwaka huu wanawashiwa mwaka huu. Kama ni kikohozi, kunywa tangawizi, maneno yenyewe hayafiki hata mistari mitatu.

Leo nilikwenda Ruwi na Nakayiza, kwenye ule uwanja wenye makanisa. Mazoezi ya Krismasi yanafanywa kwa zamu: Wahindi wakitoka wanaingia Wafilipino, halafu sisi Waganda. Mimi hukaa nyuma. Wimbo ukifika kwenye Utatu nafunga mdomo, wakivuka naendelea. Nakayiza ananiita redio mbovu. Si pabaya, ninapata watu wa kucheka nao, lakini hakuna anayewasha mshumaa na kusema lake. Wanaombea kila kitu kwa pamoja na kwa sauti kubwa, na mimi natoka na langu bado liko kifuani.

Nakayiza unamkumbuka, yule wa nyuma ya soko la samaki? Anasali kwenye kanisa la kina mjomba, na alikuwa nyumbani likizo mwezi wa Machi. Kumbe alikuwa mazikoni! Nikafurahi kupata mtu aliyeona kwa macho. Ndani ya basi nikamsomea barua yako. Akageukia dirishani. Akasema basi limejaa, tutaongea Ijumaa ijayo. Ndani tulikuwa watu sita.

Nijibu kuhusu mshumaa. Nataka kusikia neno moja tu, ndiyo.

Mwanao,
Nalule


Maskati, Ijumaa, 12 Desemba 2025

Baba,

Hukunijibu. Sasa najua kwa nini.

Nakayiza ana video kwenye simu yake. Hakutaka kunionyesha, nilimlazimisha. Ni dakika kumi na moja. Mchungaji wa kina mjomba amesimama juu ya jeneza la mama yangu anasema dada huyu alikuwa amepotezwa na kanisa la uongo, lakini kabla ya kukata roho alitubu akarudi kundini. Watu wanapiga makofi. Mama alikufa usingizini. Alitubu saa ngapi?

Kikombe chetu hakipo. Maua hayapo. Muzamiru hayupo, hakuna hata mtu mmoja wa kanisani. Wewe upo. Umesimama pembeni na lile koti la kahawia, umeangalia chini, na hukusema kitu.

Ungeniambia tu. Ningelia nikanyamaza. Badala yake uliniandikia mazishi ya kutunga, na mimi nimewasimulia watu hapa kwa miezi tisa. Bi Nasriya nilimsimulia mpaka akatokwa na machozi. Na mwezi uliopita nilikupa maneno ya kwenda kusoma mbele ya watu wanaojua kila kitu.

Usiwashe mshumaa wowote.

Nalule


Busia, Jumapili, 21 Desemba 2025

Mwanangu Nalule,

Sijui kama utaisoma hii. Natumaini u mzima wa afya. Mimi leo kikohozi hakikuja kabisa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miezi tisa, na ilikuwa inanichosha kila siku. Nimekukosea mara mbili. La kwanza unalijua. La pili ni kwamba tangu siku ile ya Machi sikukanyaga kanisani. Zile habari za watoto na paa nilikuwa naziokota kwa kinyozi. Uliposema nisiwashe mshumaa, nilitaka kutii. Halafu nikaona ni utii wa mwoga. Leo nimekwenda.

Walikuwa wameweka tawi la msonobari kwenye ndoo ya rangi, kama kila mwaka, na watoto wameliharibu kwa pamba. Tulikuwa watu kumi na tisa. Waliimba, mimi sikusikia vizuri, niliangalia midomo. Wakati wa Furaha na Huzuni alisimama mama mmoja aliyepata mjukuu, akasimama kijana aliyefeli mtihani, halafu nikasimama mimi. Kiberiti cha kwanza kilizimika, nikawasha cha pili. Nilisema hivi.

Nilisema mke wangu alipokufa, kaka zake walivuka mpaka wakaja na gari. Wakasema ndoa yetu ilifungwa kwenye kanisa wasilolitambua, kwa hiyo yeye bado ni binti wa kwao na watamchukua wakamzike kwao. Nikaomba. Wakanipa njia moja: azikwe hapa nyumbani kwangu, lakini mchungaji wao aongoze, na mtu wa kanisa letu asiingie uani. Nikakubali, ili nimwone kaburini kila asubuhi nikitoka na kikombe cha chai. Niliwaambia, nyinyi watu wa kanisa mlisimama barabarani na maua mikononi na mimi sikutoka hata kuwaambia rudini. Nilisema yule mchungaji alimsemea mke wangu jambo ambalo hakusema, na mimi mumewe nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikaogopa kwamba nikifungua mdomo watalipakia jeneza garini. Na nilisema nimemdanganya binti yangu kwa sababu nilitaka mtu mmoja duniani awe na mazishi yale mazuri.

Nikakaa. Hakuna aliyejibu, kama ilivyo desturi. Nalule, nimekuwa katika kanisa hili miaka ishirini na sikujua ukimya ule ni mzito hivi. Nilitamani mtu anitukane.

Baada ya ibada tulikunywa chai na mandazi. Muzamiru alikuja, sikumsikia anasema nini, akanishika mkono akanipeleka ukutani ilipo orodha ya zamu za kufagia. Wiki ya tatu bado imeandikwa "Bbosa na Mama Nalule". Hawakufuta. Kumbe Muzamiru amekuwa akifagia kwa niaba yetu tangu Machi, na goti lake lile bovu. Akanipa ufagio. Nikafagia, pamba ya watoto ilikuwa kila mahali.

Nimekuandikia yote kama nilivyoyasema pale mbele. Mshumaa haujibiwi, unajua mwenyewe. Sikudai neno.

Baba yako


Maskati, Ijumaa, 2 Januari 2026

Baba, shikamoo.

Mimi ni mzima. Nimekaa siku kumi na mbili bila kukuandikia, na najua ulikuwa unaangalia simu kila saa, maana nami nilikuwa naiangalia. Kikohozi kisirudi tu.

Siku ya mkesha wa Krismasi niliomba ruhusa ya nusu saa. Jua lilipokuwa linazama nikawasha mshumaa jikoni, juu ya kisahani. Bi Nasriya akaingia, akadhani umeme umekatika, akaanza kumwita mwanawe Aflah aende kwenye fyuzi. Nikamwambia ni wa mama. Akavuta kiti akakaa. Sikuwa nimemwambia ukweli bado, nikamwambia pale pale, na video, na barua yako ya Jumapili ile. Nikamkumbusha kwamba hajibu mtu. Baba, alijitahidi. Alihesabu tasbihi, akafunga mdomo, akaufungua, akaufunga. Alifika labda dakika tatu.

Akasema, "Mimi nna kaburi la mama yangu Unguja, silijui liliko. Tuliondoka mbio mwaka wa mapinduzi, mimi mtoto. Babaako kalipa uongo na aibu, lakini kaburi analo uani. Mie ningelipa zaidi ya hapo." Halafu akashika mdomo. "Ya Allah, nimejibu. Samahani."

Nimelifikiria neno lake wiki nzima, nikikanda unga, nikipiga pasi. Bado nina hasira, sitakudanganya, tumeshadanganyana vya kutosha. Nina hasira kwa ile barua ya Machi, si kwa kule uani. Kule uani, ningesimama uliposimama wewe, sijui ningefanya nini. Ungemwacha avushwe mpaka, nisingekusamehe kabisa.

Kanisani mshumaa haujibiwi. Lakini mimi siko kanisani, niko jikoni kwa watu, na wewe ni baba yangu. Kwa hiyo nakujibu. Pole, Baba. Pole kwa kusimama pale peke yako.

Sasa mambo ya kazi. Wiki ya tatu ya Januari inaanzia Jumapili ya tarehe kumi na nane, usimwachie Muzamiru na goti lake. Anza chini ya viti vya nyuma, Mama alikuwa anasema hapo ndipo wanaume huparuka wakifagia. Na jina lake msilifute ukutani. Nikifika Juni nitafagia mimi zamu yake.

Mwanao,
Nalule