Miti ya Aski Haikatwi

Shamba la Nedrehaug,
Sogn, Norwe.
12 Februari 2019

Mpendwa kaka Torbjørn,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, huko Kanada hamjambo? Mgongo wako unaendeleaje, na wifi Carol amepona kikohozi? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikikwea ngazi. Theluji imefika kwenye madirisha ya zizi, lakini kondoo wote thelathini na wawili wapo hai.

Barua yako nimeipata, pamoja na karatasi ya kukubali miti yetu ya aski, ambayo Baba alikuwa akiwalisha kondoo majani yake, ikatwe, ili jirani yetu Arnfinn akodi shamba na trekta lake lipite bila kuzungukazunguka. Wewe na yeye mmeshatia sahihi, bado mimi. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekasirika upya.

Najua utanikumbusha kosa langu. Ni kweli, mwaka niliorudi hapa nilipogoa miti minne kwa mkupuo, nikaiacha vipara, nayo ilikuwa haijaguswa miaka thelathini. Mitatu ikafa. Baba alikuwa akiubakizia kila mti matawi machache yenye majani, mimi nikaona alikuwa akipoteza muda. Niliona aibu, na bado naiona. Sasa napogoa kidogo kidogo, na kumi na tisa iliyobaki inachipua vizuri.

Kiangazi kilichopita tulinyimwa mvua kabisa. Nyasi zilikauka hazijafika hata kifundo cha mguu. Shayiri iliyo karibu na miti ndiyo iliyosimama. Agosti nikakwea miti na mundu, nikafunga matita mia nne ya vijiti na majani yake na kuyatundika ghalani yakauke. Arnfinn akapita akicheka.

"Dada Ragnhild, mwaka huu kondoo utawalisha mifagio?"

"Cheka tu. Januari haiko mbali."

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Alikuwa ameshachinja nusu ya kondoo wake kwa kukosa nyasi.

"Matita yamebaki mangapi?" aliuliza bila kuniangalia.

"Kwani na wako wanakula mifagio?"

Alijaribu kucheka, machozi yakimlengalenga. Nilimhurumia sana, nikampa matita sitini. Halafu nikamkaribisha kahawa, nikamwekea ile karatasi mezani.

Shangazi Borghild anakusalimu, bado anafuma soksi ambazo hakuna wa kuzivaa. Nisalimie wifi na watoto. Mungu awape afya na awalinde na baridi ya huko.

Karatasi nairudisha ndani ya bahasha hii. Mimi sikutia sahihi. Utaona Arnfinn amelifuta jina lake kwa mkono wake. Limebaki lako peke yake, kaka. Usipolifuta, basi uje na shoka mwenyewe, utanikuta juu ya mti.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Ragnhild