Soksi Zako Mtini

Bunju,
Dar es Salaam.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Didas,

Marahaba, maana najua hata huko Durban umeniamkia moyoni. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kila baridi ikiingia? Huku sote tu wazima. Mama naye mzima, ila magoti yanamgomea kanisani.

Ungekuwa unapokea simu nisingekuchosha kwa barua. Lakini miezi minne sasa hupokei, na isitoshe simu haibebi tini. Kwa hiyo nampa jirani yetu Gibson, yule dereva wa lori, barua hii na kifurushi.

Ndiyo, tini. Kile kijiti ulichotoka nacho Mikocheni ukakichomeka kwenye kopo la rangi, Baba akakihamishia nyuma ya jiko, sasa kimelipita dirisha. Baba alikimwagilia maji ya kuoshea mchele mpaka wiki aliyofariki, asionje hata tunda moja. Sisi tulikaa mwaka mzima tunangoja maua, kumbe mtini hauonyeshi ua. Tunda linachomoza tu kwenye tawi.

Mama, kwa kuogopa kunguru, akachuma matatu mabichi akayafukia kwenye ndoo ya mchele, kama anavyovundika parachichi. Utomvu ukamwasha mikono siku mbili, na tini zenyewe zikanyauka. Chausiku wa nyumba ya pili akamweleza kuwa tini ikishachumwa haiivi tena, inaivia mtini tu. Basi Mama akafungua sanduku lako, akatoa soksi zako za shule, akayavalisha matunda moja moja. Ungeuona mti wetu ungecheka mpaka ukae chini. Kunguru wenyewe wanautazama kwa mbali.

Tini zilipoiva tulizila pale pale, zina joto la jua, utamu unachuruzika mpaka kidevuni. Nililia kidogo, nikimkumbuka Baba.

Lakini soksi moja ya bluu Mama alikataza isiguswe. Lilikuwa tunda kubwa kuliko yote, na alisema ni lako. Kila akitoka misa ya asubuhi alilibonyeza kidogo. Likalainika, likainama, sisimizi wakaanza kupanda. Nikamwambia alichume, akasema kesho. Siku ya tatu nikamkuta ameketi chini ya mti, tunda liko mapajani.

Didas, najua kinachokufunga mdomo. Vibali vilikuzuia, hukufika kumzika Baba, na sasa unaona haya kumkabili Mama. Nilimwuliza nikuandikie nini. Akanijibu, "Mwambie asiniombe msamaha, mie kosa silioni. Aje tu. Tini haikai."

Tunda hilo alilipasua, akalianika kwenye ungo siku tano, akiwawinga kunguru kwa khanga yake. Ndilo lililomo kwenye kifurushi. Ulile polepole.

Shemeji yako Petro anakusalimu sana, na mpwa wako Noela anauliza kama mjomba bado ni mrefu. Mungu akulinde kazini, akunyooshee njia ya kurudi.

Dada yako akupendaye daima,
Auleria

N.B. Tunda nimelifunga ndani ya ile soksi ya bluu. Soksi ya pili yake, Mama ameshaivalisha tini nyingine changa. Hiyo ya kwako usiipoteze, uje nayo.